Mbegu Ambazo Papa Hakuzitunza

Mwanangu, weka hiyo pompe ya kunyunyizia dawa chini kwanza, ukae hapa karibu na mimi. Kuna siku moja ya usichana wangu ambayo haijanitoka moyoni, na sijapata kuisimulia.

Papa alikuwa na shamba la marakuja, haya matunda ya pasheni, pale Kasha, kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Mwaka ule alilazwa kitandani na ugonjwa wa kifua, shamba akaniachia mimi, binti yake wa kwanza.

"Matunda yenye kuanguka, uzike kila asubuhi," aliniambia. "Na zile nguzo za kuoza zenye kushika marakuja, usizitoshe, uziache pale. Banyuki banalalaka mule."

Kuzika, ndivyo alivyosema, kama vile ni watu. Alikuwa akichimba shimo la urefu wa mkono, akitia matunda yaliyodungwa na nzi, akifukia na kukanyaga, ili funza wasitoke na kuwa nzi wengine. Majirani walituita wazishi wa marakuja. Nami nilikuwa na miaka dix-huit, kumi na minane, na mchumba juu yake, basi niliona haya.

Wiki mbili sikuzika kitu. Nzi wakajaa. Nikashuka Kamanyola kwa shangazi yangu, nikarudi na chupa isiyo na etiketi wala jina. Muuzaji wa kule alisema ni dawa, nami nikaridhika. Neno hilo ndilo lililonipoteza. Dawa ya kifua nilimpa Papa kwa kijiko asubuhi na jioni, na dawa ile ya chupa nikanyunyiza shambani maua yakiwa wazi. Sikufikiri kwamba ni vitu viwili.

Kesho yake niliwakuta wamelala chini, wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Hao ndio waliokuwa wakibeba unga wa maua ya marakuja kutoka ua hadi ua. Nikawafagia wote, nikawaficha ndani ya shimo la Papa. Kumbe kuzika nilikuwa najua.

Maua yakapukutika bila kufunga tunda. Papa, pale kitandani, aliomba kitu kimoja tu: aonje marakuja ya shamba lake. Nikaenda soko la Kadutu, nikachagua moja nzuri, nikampelekea.

"Iko ya kwetu, Papa," nikamwambia.

Sasa, mwanangu, Papa tangu nimjue alikuwa akila marakuja yake anatema mbegu kiganjani, anazianika dirishani, azipande. Siku ile alikula polepole, akatema mbegu zote ndani ya kopo la makohozi.

"Asante, maman," akasema, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi binti yake, akanishika mkono. "Iko tamu."

Alifariki kabla ya Jumapili. Heri angenigombeza. Hata leo, na uzee huu wote, harufu ya marakuja inaniliza.

Kwa hiyo okota yaliyoanguka kila asubuhi uyazike, hata wakikucheka. Yaliyo juu yafunge kwa makaratasi, nzi wasiyafikie. Nguzo yenye matundu iache. Mtu akikuletea dawa, muulize inaponya nani na inaua nani. Na ukiharibu, mwanangu, na wewe utaharibu tu siku moja, mwambie mwenye shamba ukweli wakati bado ana pumzi ya kukujibu.

Mungu abariki mikono yako. Marakuja yako ya kwanza uniletee mimi, nami mbegu zake nitazianika dirishani.