Tangi la Jirani

Mwezi uliopita nilirudi Lugari kumzika shangazi, nikakuta karibu kila boma lina tangi la plastiki pembeni mwa nyumba. Wenyewe wanachota bila hata kulitazama. Mimi nilisimama nikatazama, na ule wivu wa utotoni ukanirudia.

Tulihamia huko mara tu baada ya uhuru, shamba la mzungu lilipogawanywa. Jirani yetu alipata kipande chenye nyumba ya mabati, mifereji, na tangi la chuma refu kuliko baba yangu. Sisi tulijenga nyumba ya nyasi. Mvua ikinyesha, maji ya paa letu yalishuka na rangi ya chai, na hatukuwa na cha kuyakingia ila debe moja.

Kiangazi kilipofika niliswaga ng'ombe wetu watatu hadi mtoni, asubuhi nzima, nao walirudi na kiu tena. Binti wa jirani, rika langu, alifungua bomba tu, ng'ombe wao wakanywa uani. Kisha alinawa miguu. Ile miguu yake safi iliniuma kuliko yote.

Jumapili moja walipokuwa kanisani, niliruka ua, nikafungulia bomba, nikakimbia. Waliporudi walikuta tope na tangi tupu. Binti alichapwa huku akiapa kwamba alilifunga. Nilimsikia kutoka jikoni kwetu, nikaendelea kusonga obusuma, ugali wetu wa jioni.

Kesho yake mama yake alikuja kwetu.

"Nilikuwa nimeambia mzee ng'ombe yenu ile imezaa ikuwe inakunywanga kwetu, isitembee mbali," alimwambia mama. "Sasa maji imeisha. Pole."

"Asante hata kwa kutufikiria," mama akajibu.

Ng'ombe yule akaendelea kutembea jua kali. Maziwa yalikauka, na kabla mvua haijarudi ndama alikufa. Mama alilia kama aliyefiwa na mtu.

Siku hizo zote binti wa jirani aliswaga ng'ombe wao kando yangu. Alinionyesha alama za kiboko, akanigawia njugu.

"Hii njia ni ndefu," alisema. "Ulikuwa unaendanga peke yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nyumba ile ya mzungu imebomolewa, mto umebaki kijito, naye binti yule alifariki zamani, tukiwa bado marafiki. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia kuhusu bomba, wala sikumwambia. Mpaka leo namwonea wivu kwa jinsi alivyonisimulia habari zake zote njiani, akiwa hana la kuficha.