Vidole vya Mama Spiriti

Katika hospitali ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Madaktari, manesi, hata wafagiaji walimwita Mama Spiriti, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi dawa, kazi yake kuchanganya dawa zinazoingia mwilini kwa mshipa, na chupa ya spiriti haikumtoka mkononi. Akigusa meza, anapuliza. Akifungua mlango, anapuliza. Watani wake walisema marehemu mumewe alizikwa akinukia sindano. Alicheka nao, maana ndani ya utani ule aliisikia sifa yake: katika chumba cha mchanganyo hapakuwa na mikono iliyoaminiwa kama yake.

Chumba chenyewe si kikubwa. Unaacha viatu nje, unanawa mpaka kwenye viwiko, unavaa kofia, barakoa, gauni na glavu, kisha unapita mlango wa pili ambao haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge. Ndani kuna kabati la chuma na kioo linalovuma kutwa, likipuliza hewa iliyochujwa. Mikono tu ndiyo inayoingia humo. Mama Spiriti, miwani puani, aliingiza yake kwa wepesi wa mtu anayemenya viazi jikoni kwake. Mwenzake, mwanamume wa makamo, alikuwa mzito mpaka wakambandika jina la Taratibu. Alikuwa akipuliza glavu zake, kisha anasimama tu, mikono hewani, akingoja zikauke.

"Unaomba dua?" Mama Spiriti alizoea kumuuliza.

"Naomba dua zikauke, dada," Taratibu alijibu, asisogee hata kidogo.

Sasa mwaka ule binti wa pekee wa Mama Spiriti, ambaye mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka, akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba kofia ya mwanasesere ingempwaya. Akalazwa wodi ya watoto njiti. Tumbo lake lilikataa maziwa, hata tone. Ikabidi alishwe kwa mshipa: mfuko wa maji yenye sukari, mafuta na chumvi, unaochanganywa kila asubuhi na kushuka polepole mchana kutwa na usiku kucha. Hospitali nyingine yenye chumba cha kuchanganya mifuko ile ilikuwa mbali, na daktari alisema bila kumung'unya maneno kwamba mtoto yule haiwezi safari. Chumba kile kikifungwa, mtoto hana chakula.

"Mama, uchanganye wewe mwenyewe," binti alimwambia siku ya kwanza, macho yamemvimba. "Sitaki mkono wa mtu mwingine."

"Mtu mwingine nani? Taratibu? Huyo mpaka amalize mfuko mmoja mtoto ameshaota ndevu."

Binti akacheka, kicheko cha kwanza tangu ajifungue, halafu akamshika mama yake mkono. "Niapie."

Akaapa.

Ndipo wakaguzi wakaja, maana leseni ya chumba ilikuwa karibu kuisha. Aliyeingia chumbani alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, wa aina ile inayotisha kuliko wanaofoka. Alitazama vichujio vya hewa, akapima, akaandika. Mwisho akataka kuwapima wachanganyaji wenyewe. Kipimo ni hiki: ukimaliza kazi, unabonyeza vidole vyote, glavu zikiwa zimevaliwa, juu ya visahani vyenye rojo ambayo vijidudu huipenda. Visahani vinafungiwa kwenye kabati la joto siku kadhaa. Kama vidole vilibeba uchafu, madoa yanaota. Mama Spiriti alikuwa hajawahi kuotesha hata doa. Vipimo vya ndani alikuwa akivifanya mwenyewe mwaka hadi mwaka, na visahani vyake vilitoka vyeupe.

Akachanganya huku mkaguzi akimtazama. Akamaliza. Akapuliza spiriti kwenye glavu, shaa, akabonyeza.

"Mama, ngoja kwanza. Umefanya nini hapo?"

"Nimepima."

"Kabla ya kupima."

"Nimepuliza. Usafi kwanza, mkaguzi."

"Spiriti unapuliza kabla ya kushika dawa. Ukipuliza halafu ukabonyeza, umeshawaua wadudu niliotaka kuwaona. Hapo umenipimia spiriti, hujanipimia mikono. Huwa unafanya hivi siku zote?"

"Siku zote!" Mama Spiriti alijibu kwa majivuno, na neno lilipokwisha kumtoka akalisikia mwenyewe.

Mkaguzi akasema kipimo kitarudiwa kesho yake. Pale koridoni mfamasia mkuu, bwana wa tai na manukato, akamvuta Mama Spiriti kando. "Mama, tusiharibiane. Mkaguzi akiinamia karatasi zake, wewe puliza kidogo. Nani ataona?"

Hakupuliza. Na msomaji usimpambe, si uaminifu uliomzuia. Ni kiburi. Aliamini kabisa kwamba mikono yake ni safi, na alitaka yule mwanamke mfupi aje amwombe radhi. Alibonyeza kidole kimoja kimoja kama anayetia muhuri, naye Taratibu akabonyeza vyake. Kabati la joto likafungwa, ufunguo akaondoka nao mkaguzi.

Kiburi kile hakikulala naye. Asubuhi iliyofuata, akiwa ameshavaa glavu mbele ya mfuko wa mjukuu wake, wasiwasi ukamwingia. Kama miaka yote spiriti ndiyo iliyokuwa ikijibu, basi yeye alikuwa anajua nini kuhusu mikono yake? Hakuna. Alikuwa kama mtu ambaye hajawahi kujitazama kwenye kioo. Wagonjwa waliopata homa za ghafla na daktari akakosa sababu wakaanza kumjia, sura kwa sura, hata wale aliodhani amewasahau. Akapuliza. Akapuliza tena. Alitamani achovye mikono yote kwenye ndoo ya spiriti ichubuke.

Angeweza kumwachia Taratibu mfuko ule. Taratibu mwenyewe alisimama karibu na kioo akasema kwa upole, "Dada, wa mjukuu nikuchanganyie mimi, mpaka majibu yatoke?"

"Kwani mimi nimekufa?" alimkatisha.

Kukubali kungekuwa kukiri, na kukiri kungemfikia binti yake wodini kabla ya chai ya saa nne, hospitali zina midomo. Tena alikuwa ameapa. Basi akachanganya, siku ile na siku zilizofuata, na kila akimaliza alishuka wodini kusimama kando ya kile kitanda cha kioo, akihesabu pumzi za mtoto na kumuuliza nesi kama kuna joto. Hapana joto, mama. Baada ya muda mfupi anauliza tena. Nesi akamwonea huruma akidhani ni mapenzi ya bibi. Chakula kilimshinda. Alilala na nguo za kazini, na usiku alimwomba Mungu jambo moja tu, visahani viwe vyeupe, kana kwamba Mungu angeshuka kuvifuta.

Siku ya majibu mkaguzi alivipanga visahani mezani. Vya Taratibu vilikuwa vyeupe pe. Vya Mama Spiriti vilikuwa na madoa, mengine ya rangi ya krimu, mengine ya njano, yamekusanyika pale palipogusa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Mfamasia mkuu akaguna, akatazama dirishani.

"Miwani, mama," mkaguzi alisema. "Ikiteremka, unaisukuma kwa vidole hivyo viwili. Nimekuona ukifanya hivyo mara nyingi. Kisha unapuliza na kuendelea papo hapo, glavu bado mbichi. Spiriti inataka muda. Hukuipa hata siku moja, nadhani."

Mama Spiriti hakukumbuka kuigusa miwani yake hata mara moja akiwa kazini. Na wakati huohuo mkono ukampanda wenyewe kuelekea puani, akauona ukiwa njiani. Akalia pale pale mbele ya watu, kwa sauti, bila kujificha.

Chumba hakikufungwa. Kilipewa leseni ya muda kwa sharti kwamba achanganye Taratibu peke yake, watoto njiti kwanza, na Mama Spiriti asivuke mlango ule mpaka afundishwe upya na kupimwa upya. Mkaguzi akaagiza pia kila mgonjwa aliyepokea mfuko wa mikono yake siku zile apimwe damu. Kwa hiyo chakula kilikuwapo. Mjukuu wake hangelala njaa, na hilo halikumpa hata chembe ya nafuu.

Alipofika wodini, nesi alikuwa ameshika mfuko mpya, na binti yake amesimama kati ya nesi na mtoto, mikono ameitanua.

"Hauingii!" binti alikuwa akisema. "Someni hapo, saini si ya mama yangu. Mama, waambie! Wanataka kumpa mfuko wa yule mtu wako mzito. Si uliniapia? Nenda kachanganye, mimi nitangoja hapa."

"Mwanangu, mwache nesi aweke."

"Sitaki cha mtu nisiyemwamini kwenye mwili wa mwanangu. Wewe ndiye niliyekuamini."

Nesi akainamisha kichwa. Mfuko wa jana ulikuwa umebaki tone tone chini ya mrija, na mashine ilikwisha kuanza kulia kuomba mwingine. Mama Spiriti akasogea mbele ya binti yake.

"Mikono yangu imepimwa," alisema. "Imekutwa na wadudu. Taratibu hana, ni mimi. Muwekeeni mtoto mfuko huo, tafadhali, muwekeeni sasa hivi."

Binti hakuelewa mara moja. Aliutazama mfuko mpya, kisha ule wa zamani unaoning'inia, na mrija ulioshuka mpaka kwenye kifundo cha mguu mwembamba kama kidole.

"Huu wa jana nani alichanganya?"

"Mimi."

"Na wa juzi?"

"Mimi, mwanangu. Yote."

"Ulikuwa unajua?"

Angesema hapana, neno hilo lingekuwa uongo, angesema ndiyo lingekuwa zaidi ya ukweli. Binti akasogea kando, akampisha nesi. Binti mwenyewe akaufunga mrija wa zamani kwa haraka, kabla ya tone la mwisho kushuka. Nesi akatundika mfuko wa Taratibu, kisha akachukua sindano nyembamba atoe damu ya kupima. Mtoto akalia, kilio kidogo cha kukwaruza, na bibi yake akapeleka mkono kwenye tundu la kile kitanda cha kioo ili ambembeleze, alivyozoea.

"Nawa kwanza," binti alisema, bila kugeuka.

Akaenda kwenye beseni la kona. Akanawa. Akanawa tena, mpaka viwikoni, mpaka kwenye mikunjo ya kucha, maji yakimwagikia miguuni. Mtoto alikuwa ameshanyamaza na nesi ameshaondoka na damu, yeye bado ananawa, na binti yake hakumwambia kwamba inatosha.