Mtoto wa Kikombe cha Bati

Mwaka 2013 ofisi yetu ya Lodwar ilipelekwa nzima nzima kutazama maonyesho ya picha za zamani katika ukumbi mmoja mjini. Niliingia nikichekacheka na wenzangu, mpaka nikaiona picha iliyokuwa karibu na dirisha. Aliyekuwamo ni mimi: mtoto wa miaka minne hivi, uchi wa mnyama, kamasi puani, kikombe cha bati mkononi, kwenye foleni ya uji wa msaada kule kwetu Lopur.

Nilikuwa naifahamu. Mwaka uliotangulia niliikuta kwenye kalenda katika ofisi moja ya Kakuma, nikafunua mwezi uliofuata kabla mwenye ofisi hajarudi na chai. Lakini ukuta haufunuliwi.

Mwongozaji wa maonyesho, mama mmoja aliyetoka Nairobi, akatusimamisha mbele ya picha hiyohiyo. Na kuta zote zile zilivyojaa!

"Leo hatukimbii," akasema. "Tutaangalia moja tu, polepole. Msiseme kitu kwanza."

Sikio langu la kushoto halina ncha. Punda aliondoka nayo nikiwa mchanga, na ofisini sikio hilo linajulikana kuliko jina langu. La mtoto wa pichani halina ncha vilevile. Kadiri watakavyotazama, ndivyo nitakavyoumbuka. Nikabandika simu sikioni, nikajifanya naongea.

"Simu tafadhali, ndugu yangu," yule mama akasema.

Nikaishusha. Kando yangu alisimama mhasibu wetu, mtu wa Kitale, mwenye ulimi ambao ungenitania mpaka nistaafu. Aliitazama picha, akasogea, akainama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kuna mkono hapa," akasema hatimaye. "Angalieni hii kona. Kuna mtu anamshika huyu mtoto bega, lakini picha imemkata."

Nikatazama. Siku zote nilikuwa nimeona uchi wangu tu. Ukingoni kabisa palikuwa na mkono mwembamba wenye bangili ya chuma, kidole gumba kimepinda kwa ndani.

Mama yangu alifariki kabla hajachukua kitambulisho. Nyumbani tulijua kwamba hakuna aliyewahi kumpiga picha. Sura yake imenipotea, ila kidole kile ningekijua hata gizani. Ndicho kilichokuwa kikinipangusa machozi.

"Sasa huyu ni nani?" mhasibu akauliza, bila kumlenga mtu.

"Ni mama yangu," nikasema.

Akageuka. Akaliona sikio langu, kisha akaliona la pichani. Nikasubiri kicheko. Akarudi nyuma hatua moja, akaniachia nafasi nisogee.

Nilisogea, na aibu nikasogea nayo, ila haikuwa tena ya uchi. Kule Kakuma nilikuwa na mama peke yetu, mlango umefungwa, chai haijafika, nami nikafunua ukurasa.