Tonge Nililolitafuna

Harufu ya unga wa muhogo ukikutana na maji ya moto bado hunirudisha Butembo, jikoni kwa bibi yangu mzaa mama, ukungu ukiwa umeketi mlangoni kama mgeni asiyetaka kuaga. Wazazi wangu walilima kakao upande wa Beni, nami niliachwa kwake nisome. Tulikula sahani moja. Tonge la bukari, ugali huo wa muhogo, kwetu halitafunwi: unalifinyanga, unalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, unalimeza zima. Tukishiba nilimlalia tumboni, nikisikiliza ngurumo ndogo za mbali hadi usingizi unichukue. "Chakula iko natembea," aliniambia. Niliamini humo ndani mna barabara ndefu, na malori yanapanda taratibu kuelekea milima ya Alimbongo.

Mwalimu wetu wa darasa la tano, mtu wa Kasai, akaichora barabara hiyo ubaoni: kinywa, umio, tumbo, utumbo mwembamba wenye mizunguko, utumbo mpana. Akasema kazi huanzia mdomoni, mate yanapoanza kuuvunja wanga, na asiyetafuna analichosha tumbo. Nilirudi nyumbani na elimu nyingi kuliko njaa. Tonge la kwanza nikalitafuna, tena kwa sauti.

Bibi akasimamisha mkono. "Kuko muchanga mu bukari yangu?"

"Hapana, Koko. Mwalimu alisema mutu asipotafuna, tumbo inateseka."

"Na miye sina meno, nitafanya aje?"

Ulimi hauna mfupa. Kwetu anayetafuna bukari anamwambia mpishi kwamba hakuchekecha unga. Mimi, bila kukusudia, nikamgusa na mapengo yake. Kesho yake alinipakulia sahani yangu peke yangu. Niliumia, nikaogopa kwamba nimelipoteza lile tumbo la kulalia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu nilikuwa mimi. Siku ya tatu nikasogea, nikamega tonge kubwa kwenye sahani yake, nikalimeza zima. Likanikwama. Bibi alinipiga mgongoni mpaka likashuka, kisha akacheka hadi machozi. "Kidogo kidogo, mama," akasema. Alasiri ile nililala mahali pangu.

Siku hizi bibi yuko kwangu, huku Beni kwenye joto, na mimi ndiye ninayemsongea. Juzi aliweka tonge mdomoni akakaa nalo muda mrefu, ufizi ukisogea. Nikasimamisha mkono.

"Koko, kuko muchanga?"

"Hapana. Niko natafuna, vile mwalimu wako alisema."

Akameza, akapapasa mkeka kando yake. Nami, mama wa watoto watatu, nikaweka sikio palepale tumboni. Malori yamepungua sana, lakini chakula kilikuwa kinatembea.