Kosa la Jumanne

Katika chumba cha wagonjwa mahututi, zamu ikiisha kila muuguzi hujikosoa mwenyewe kwanza, ndipo wenzake waongeze. Mwenzetu mmoja, mwenyeji wa Ngana, huvua taratibu glavu ambazo ndugu wa mgonjwa wamezinunua kwenye duka la dawa la Bondeni, huitazama mikono yake, kisha husema kwa sauti ya chini: “Nimechelewa kumgeuza yule baba mgonjwa.” Kesho yake, kabla ya kazi, utamkuta akijizoeza kugeuza godoro lililoviringishwa, akiliambia pole.

Siku ya Jumanne, kijana mmoja kutoka Ikolo alifariki mbele yake. Mama wa marehemu alimshika mikono. “Ndaga, asante, mwanangu. Umehangaika naye.”

Zamu ilipoisha, tukasubiri ataje kosa. Alivitazama viganja, akavigeuza, akavitazama tena.

“Sijaliona,” akasema. “Sasa kesho nijifunze nini?”