Kiti cha mbele, kando ya mkwe wangu

Naomba jina langu lisionekane, maana wengi ninaosali nao wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka sabini na mmoja, mzaliwa wa upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Kwetu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa Johannesburg nimeshona nguo za watu karibu na Joubert Park mpaka macho yakakataa. Sasa ninaishi Turffontein kwa binti yangu, pamoja na mume wake na watoto wao wanne. Ukitujumlisha tuko saba, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Mkwe wangu ameamua kununua gari kubwa la viti saba, lile la kupita kwenye matope na mawe, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Desemba anataka kutupeleka kwa barabara, tuvuke Zimbabwe na Zambia, tuingie Tanzania hadi Kigoma kwa dada yangu. Kongo kwenyewe hatutafika, kwa hali ilivyo. Lakini mvua ikishapita na anga likitakata, ukiwa Kigoma unaiona milima ya kwetu ng'ambo ya ziwa. Mimi hilo linanitosha.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze desturi. Katika ukoo wetu, mama mkwe na mume wa binti yake huoneana haya. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawakai bega kwa bega. Tumeishi nyumba moja miaka yote hii bila kugusana hata kidole. Nikiwa na neno naye, namtuma binti yangu, au nauambia ukuta naye anasikia. Sijawahi kulalamika. Desturi hiyo binti yangu aliipata kwangu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda sote kwenye yadi ya magari. Mkwe alikuwa ameshachagua lake, jeupe, refu kwenda juu, na watoto wakabonyeza kila kitufe walichokiona. Akaanza kugawa viti: yeye kwenye usukani, mkewe kando yake, watoto watatu katikati. Kisha, akitazama tairi, akamwambia binti yangu, "Mama atakaa nyuma kabisa na yule mkubwa. Ni kwa heshima, tusikaribiane."

Ili ufike safu hiyo ya nyuma, kiti cha katikati hukunjwa, na wewe unajikunja kuliko kiti. Nikaingia. Magoti yakapanda karibu na kidevu, na kidirisha chenyewe kilikuwa kama cha choo. Nikasema basi, nimeona, nataka kushuka. Nikashindwa. Goti la kulia lilikuwa limebanwa na halitaki kunyooka. Binti yangu alikuwa amempeleka mdogo msalani. Mkwe wangu alisimama mlangoni, mkono wake ungenifikia, lakini aliifungia mikono yote miwili mgongoni kama askari kwenye gwaride na kutazama paa. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa akicheka kwa Kiingereza. Mwishowe muuzaji, kijana mpole, akaniingiza mikono kwapani. "Eish, gogo, pole pole," akasema, maana huku bibi huitwa gogo, akanitoa kama gunia la unga.

Basi niambieni, ni heshima gani hii inayomweka mtu mahali asipoweza kutoka bila kuvunjiwa heshima?

Na kuna jambo ambalo mkwe wangu halijui, kwa kuwa hatuzungumzi. Nilipokimbia vita, barabara hiyohiyo niliipita nikiwa nimelala nyuma ya lori, chini ya turubai, katikati ya magunia ya dagaa. Nchi nzima nzima nilizijua kwa harufu na kwa mashimo ya barabara. Nimesoma ramani zake mara nyingi tangu hapo, lakini sijaiona. Safari ya kurudi nataka kuiona yote, kupitia kioo cha mbele.

Jioni ile sikumtuma mtu wala sikuuambia ukuta. Nilimwambia yeye mwenyewe, "Baba, nitakaa mbele."

Akaweka kijiko chini. Nikamkumbusha kwamba desturi yetu ina mlango: mkwe huleta kuku na kitenge, mama mkwe hupokea, wanakula pamoja mbele ya mashahidi, na kuanzia siku ile wanakuwa mama na mwana. Wengi wamefanya hivyo. Akamjibu mkewe, si mimi, kwamba babaye hakufanya mambo hayo na yeye hafanyi. Asiyetaka kukaa nyuma abaki kulinda nyumba.

Binti yangu yuko radhi kuniachia kiti. Alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Mama, mwenzio anaogopa. Ukikaa pale utamsahihisha mpaka Kigoma." Nikacheka, kwa sababu ni kweli. Kumbe haya yangu imekuwa kivuli chake cha kupumzikia.

Wamama tunaosali pamoja wananiambia, "Mama Mwalimu, uzee ni kukubali." Nimekubali mengi: nchi nisikozaliwa, lugha za watu, wajukuu wanaonijibu kwa Kiingereza. Kukunjwa sijakubali.

Gari litaletwa mwisho wa mwezi. Nishaurini, ndugu zangu, hasa nyinyi mnaozijua desturi hizi: niendelee kumsubiri kuku? Maana asipoletwa, asubuhi ya safari nitatangulia, nitakaa mbele, nitafunga mkanda. Atakayetaka kunishusha itabidi anishike mkono. Na mkwe wangu akinishika mkono, desturi imekwisha, tunaweza kuondoka.