Sweta la Adhuhuri

Mzee mwenye duka akienda msikitini adhuhuri, hatufungi mlango. Anaweka kiti cha plastiki katikati yake, na wateja wote wanajua maana yake ni subiri. Mimi nabaki ndani na harufu ya dawa za mifugo, naingiza mkono chini ya kaunta, natoa mfuko wangu wa kufuma.

Sindano zangu ni spoku za baiskeli. Mke wa mzee ndiye aliyenifundisha, akanichongea ncha kwa kuzisugua kwenye sakafu ya saruji. Nilianza na vitu vidogo: soksi za mjukuu wake, kisha kofia iliyomfunika yule mtoto mpaka puani. Mzee alicheka, akasema, "Binti, hii umekifumia chungu?" Mimi sijui kujibu watu. Niliinama, nikafumua.

Lakini nilikuwa najifunza kwa ajili ya sweta moja. Nilipokuwa kidato cha pili, malisho yalikuwa ya shida kwetu Mwamkulu. Baba akaondoka na ng'ombe kuelekea kusini, akamchukua mdogo wangu. Mama na mimi tukabaki na mpunga. Mdogo wangu huyo nilimbeba mgongoni mimi, mama akishinda shambani, na jino lake la kwanza kung'oka nililirusha juu ya bati mimi. Baba alisema, "Atachunga kidogo tu. Shule atarudi kuanza."

Asubuhi ya kuondoka nilimpima kwa kamba ya katani: fundo moja la kifua, fundo lingine la mkono. Alitulia tuli.

"Dada, litakuwa la bluu?"

"La bluu. Kama la wanafunzi."

Basi kila Jumamosi, na siku zote za likizo, nilishinda dukani. Sweta lilikua adhuhuri kwa adhuhuri. Mistari miwili, mitatu, halafu mtu anakohoa nyuma ya kiti, naficha. Mara nyingine kitanzi kiliniponyoka, nikagundua nimeshafika mbali, nikarudi nyuma huku nimeuma midomo.

Wafugaji wakija kununua dawa ya kuogesha ng'ombe, nilijikaza kuuliza. "Mdogo wangu mmemwona?"

"Yupo. Amekua huyo."

Nilifurahi, lakini sikulisikia lile neno. Kwetu kila mtoto anayeulizwa habari zake amekua. Ni kama kusema nyumbani hawajambo. Mimi nikaendelea kufuata mafundo yangu.

Mwaka huu, wa nne tangu waondoke, shule zikikaribia kufunguliwa, baba akaja. Ilikuwa adhuhuri, kiti kipo mlangoni. Alikisogeza kwa mguu akaingia. Nyuma yake kulikuwa na kijana mrefu, amelaza fimbo mabegani na kuning'iniza mikono juu yake.

"Shikamoo," kijana akasema.

"Marahaba," nikaitikia, kama ninavyowaitikia wateja wadogo. Ndipo nikaliona kovu la kwenye nyusi, lile alilolipata kwenye mlango wetu. Mdogo wangu alikuwa ameniamkia kama mama wa mtu, si dada yake.

Nilitoa sweta. Lilikuwa limebaki shingo tu. Alilivaa kwa sababu nilimnyooshea na sikurudisha mkono. Mikono iliishia chini kidogo ya viwiko. Kifuani liligoma.

"Hili linamtosha ndama," alimwambia baba kwa Kisukuma. Baba akacheka. Na mimi nikacheka, sijui kwa nini.

"Baba, shule zinafunguliwa Jumatatu," nilisema. Sijawahi kumkumbusha baba kitu.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "ng'ombe watachungwa na nani? Halafu muulize mwenyewe."

Nikamwangalia. Yeye akaangalia fimbo yake.

"Nimezoea kule," akasema. Kisha, kama amelikumbuka neno lenyewe, "dada."

Alilivua polepole asilichane, akalikunja, akaliweka juu ya kaunta karibu na chupa za dawa. Mzee aliporudi kutoka msikitini aliwahudumia, akawatakia safari njema. Niliwaona wanavuka barabara, baba mbele, yeye nyuma, na kwa nyuma sikuweza kusema yupi ni mtoto.

Jioni mke wa mzee alinikuta nalia kwenye stoo. Hakuuliza sana. "Fumua, mwanangu. Uzi haujaharibika. Anza kubwa."

Nimefumua lote. Uzi unatoka umejikunjakunja, hata nikiuvuta haunyooki. Leo adhuhuri mzee alipoweka kiti chake nilitoa spoku, nikatoa na ile kamba ya katani ili nianze upya. Mafundo ni yale yale. Siku ile mdogo wangu alisimama mbele yangu, mkono wake ukiwa hapa juu ya kaunta, na mimi sikumpima.